Reli na Anga: Historia ya Mashindano ya Treni na Ndege katika Masafa Mafupi

Katika mambo ambayo watu wa karne ya 20 waliyaamini bila ya kuyapima, moja lilikuwa hili: kwamba gari la moshi ni mzee na ndege ni kijana, na kwamba mzee hana budi kumpisha kijana njia. Imani hiyo haikukosa sababu. Reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa mwaka 1830, na ndege ya ndugu wawili Wright iliruka mwaka 1903. Kwa miaka, mmoja angeweza kuwa babu wa mwenziwe. Tena ndege haikutaka daraja wala handaki. Haikungoja mlima uchongwe wala bonde lijazwe. Mtu wa miaka ya 1950 alipoyatazama hayo, aliona kwamba hukumu imekwisha kutolewa, na kwamba lililobaki ni kungoja siku ya maziko ya reli.

Walakini historia haihukumu kwa umri. Tangu mwaka 1964, katika njia nyingi za masafa ya kilomita 300 hadi 700, mzee amemnyang'anya kijana abiria wake, na katika baadhi ya njia hizo ndege zimekoma kabisa kuruka. Katika njia nyingine ndege zimesimama imara, ijapokuwa treni zilizojengwa kushindana nazo ni za kasi ile ile. Makala haya yanakusudia kueleza sababu ya tofauti hiyo. Dai langu ni kwamba mashindano haya hayakuamuliwa na mwendo wa chombo kikiwa njiani. Yaliamuliwa na mambo mawili ambayo msafiri hayaoni kwa dirishani: la kwanza ni mahali safari inapoanzia na inapokomea, la pili ni nani aliyekubali kulipa gharama ya ardhi iliyopo kati ya mahali hapo pawili.

Yafaa kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa kabla ya mageuzi. Baada ya Vita Kuu ya Pili usafiri wa anga ulipata viwanja, marubani na mafundi wengi walioachwa na vita. Ndege ya jeti ya Boeing 707 ilianza kuchukua abiria mwaka 1958. Mwaka 1959, huko Brazili, kampuni za ndege zilizoshindana kati ya Rio de Janeiro na São Paulo zilipatana kuendesha safari zao kwa pamoja, nazo zikaziita daraja la anga. Mwaka 1961 kampuni ya Eastern Air Lines ilianzisha safari za namna hiyo baina ya New York, Boston na Washington. Abiria hakuhitaji kuweka nafasi. Alifika kiwanjani, akapanda, na ndege ikijaa nyingine ililetwa, hata kama aliyebaki ni mtu mmoja. Wakati huo huo treni mashuhuri za Marekani zilikuwa zikifa moja baada ya moja. Ile iliyoitwa Twentieth Century Limited, iliyokuwa ikisafiri baina ya New York na Chicago tangu mwaka 1902, ilifanya safari yake ya mwisho Desemba 1967. Ilipofika mwaka 1971 treni za masafa marefu zilizosalia zilikuwa mzigo ambao wenye reli hawakuutaka tena, na serikali ikaunda shirika la Amtrak lipate kuubeba. Wahenga wetu walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini msala ule ulikuwa ukipita juu ya vichwa vya watu kwa kishindo kikubwa, na wachache tu waliweza kuuondolea macho.

Mmoja wa hao wachache alikuwa Shinji Sogo wa Japani. Alipopewa uongozi wa Shirika la Reli la Taifa mwaka 1955 alikuwa na umri wa miaka 71. Njia ya Tokyo na Osaka ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa nchi ile, nayo ilikwisha kujaa. Reli yake ilikuwa nyembamba, ya upana wa milimita 1067, na treni yake ya haraka, iliyoanza mwaka 1958, ilikwenda saa 6 na dakika 50. Washauri wengi walitaka njia ya zamani iongezwe reli za aina ile ile, kisha yaliyobaki yaachiwe magari na ndege. Sogo, pamoja na mhandisi wake mkuu Hideo Shima, walishikilia jambo jingine: njia mpya kabisa, ya upana wa milimita 1435, isiyokatana na barabara hata mahali pamoja, na yenye kona pana. Treni zake zingevutwa na umeme, na mota zingegawanywa katika mabehewa yote badala ya kuwekwa katika kichwa kimoja kizito.

Msomaji na atazame jina waliloliita jambo hilo: Shinkansen. Wageni hudhani kwamba maana yake ni treni ya kasi, lakini sivyo. Maana yake ni njia kuu mpya. Jina hilo linaitaja ardhi, halikitaji chombo. Nalo lilikuwa jina la kweli, kwa maana ajabu ya Wajapani haikuwa katika treni peke yake, bali katika kukubali kuipa treni ardhi yake mwenyewe.

Ardhi hiyo ilikuwa ghali. Kazi ilianza mwaka 1959 kwa makisio ya karibu yeni bilioni 200. Ilipokwisha ilikuwa imekula bilioni 380. Mwaka 1961 Benki ya Dunia ilitoa mkopo wa dola milioni 80, na mkopo huo ulikuwa na faida ya pili kuliko fedha zake: uliifunga serikali isiweze kuiacha kazi katikati. Gharama zilipozidi kupanda, Sogo na Shima waliondoka katika vyeo vyao mwaka 1963. Treni ya kwanza iliondoka Tokyo tarehe 1 Oktoba 1964, siku tisa kabla ya kufunguliwa kwa michezo ya Olimpiki, na watu wawili hao hawakuwa tena wenye mamlaka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wao waliinama, na kilichotolewa mvunguni kikapokewa na wengine.

Safari ya kilomita 515 ilichukua saa 4, na mwaka uliofuata saa 3 na dakika 10. Mwendo mkubwa wa treni ulikuwa kilomita 210 kwa saa. Hata gari la moshi lilipoteza haki ya jina lake katika lugha yetu, kwa kuwa moshi haukuwapo tena. Ndege baina ya Tokyo na Nagoya, mji ulio njiani, zilikoma. Na baina ya Tokyo na Osaka treni imeendelea kuchukua zaidi ya watu 8 katika kila 10 wanaochagua kati ya vyombo hivi viwili. Treni moja ya sasa katika njia hiyo ina viti 1,323, na kwa siku hupita treni zaidi ya 300. Ndege za kuchukua watu kiasi hicho zingetafuta mahali pa kutua zisipate.

Hapa yatupasa kusimama kidogo tufanye hesabu, maana ndiyo inayofumbua kitendawili chetu. Ndege huenda kilomita 800 kwa saa na treni 300. Mtu akizitazama tarakimu hizo peke yake ataona kwamba hakuna mashindano. Lakini abiria hasafiri kutoka kiwanja cha ndege hadi kiwanja cha ndege. Husafiri kutoka mlango wa nyumba yake hadi mlango wa yule anayemwendea. Kwa safari ya kilomita 500 ndege hukaa angani muda wa saa moja tu. Katika saa hiyo ongeza mwendo wa kutoka mjini hadi kiwanjani, kupanga mstari, kupekuliwa, kungoja, kupanda, kungoja tena ndege ipate ruhusa, kushuka, kupokea mizigo, na mwendo wa kutoka kiwanjani hadi mji wa pili. Jumla yake hukaribia saa 4. Stesheni ya reli, kwa kawaida, iko katikati ya mji, kwa sababu katika karne ya 19 mji ulikua kuizunguka. Na abiria wa treni aweza kufika dakika chache kabla ya kuondoka. Ndiyo maana wachunguzi wa mambo ya usafiri walifikia kanuni moja, nayo haikutoka katika nadharia bali katika mazoea: safari ya treni ikiwa chini ya saa 3, ndege hushindwa, ikizidi saa 4, ndege hushinda, kati ya hizo mbili ndipo penye vita.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya saa hailisemi. Muda wa treni ni kitambaa kizima, na muda wa ndege ni vipande. Mwenye saa 3 ndani ya behewa aweza kusoma kitabu, kuandika barua, au kulala. Mwenye saa 3 za ndege hupewa dakika 20 hapa na dakika 30 pale, na kila mara anaamriwa asimame, avue, afunge, asogee. Baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001 upekuzi viwanjani ulizidi katika dunia nzima, na vipande hivyo vikaongezeka. Reli haikukaza mwendo siku ile, lakini ilisogea mbele kwa kuwa mwenzake alirudi nyuma.

Wafaransa walilipokea somo la Wajapani kwa njia yao. Miaka ya 1960 walijaribu pia chombo cha mhandisi Jean Bertin, kilichoelea juu ya hewa kwenye njia ya zege. Kikaachwa mwaka 1974. Treni yao ya kwanza ya majaribio, ya mwaka 1972, ilikwenda kwa mitambo ya gesi kama ya ndege. Ndipo ikaja shida ya mafuta ya mwaka 1973, nao wakaona hatari ya kuifunga safari ya taifa katika mapipa ya wengine, wakageukia umeme. Mwezi wa Septemba 1981 Rais François Mitterrand alifungua njia ya Paris na Lyon. Ilipokamilika mwaka 1983 safari ilikuwa ya saa 2, na kampuni ya ndege za ndani, Air Inter, ilipoteza sehemu kubwa ya abiria wa njia hiyo. Hekima yao ilikuwa kwamba treni ile iliweza kutoka katika njia mpya ikaingia katika reli za zamani, na hivyo kufika katikati ya miji bila ya kubomoa nyumba za watu. Mwaka 2001 njia iliongezwa hadi kusini, na Marseille, iliyo mbali na Paris kwa kilomita 750, ikawa mwendo wa saa 3. Huko nako ndege zilipungua.

Lakini Wafaransa hao hao walituonyesha pia namna ya kuipoteza faida ya reli. Katika njia ya kaskazini, iliyofunguliwa miaka ya 1990, walijenga stesheni moja mashambani kati ya miji ya Amiens na Saint-Quentin, isiyoungana na reli ya kawaida ya mji wowote. Wenyeji waliibandika jina la stesheni ya bitiruti, kwa kuwa imezungukwa na mashamba ya mimea ile ya kutengenezea sukari. Aliyetaka kuitumia ilimpasa atafute gari kwanza, kama aendaye kiwanja cha ndege. Treni ni ile ile na kasi ni ile ile. Kilichobadilika ni mwisho wa safari.

Ushahidi wa namna hiyo tunaupata pia katika treni za Eurostar, zilizoanza kupita chini ya bahari kati ya London na Paris mwezi wa Novemba 1994. Upande wa Ufaransa zilikwenda mbio. Zikifika Uingereza zilitambaa katika reli za zamani pamoja na treni za vijiji. Safari ilichukua saa 3. Uingereza ilipokamilisha njia yake mpya mwaka 2007, treni zile zile zilitumia saa 2 na dakika 15.

Nchini Hispania mashindano yalikuwa makali kuliko kwingineko. Tangu mwaka 1974 kampuni ya Iberia ilikuwa na daraja lake la anga kati ya Madrid na Barcelona, na ilipofika mwaka 2007 njia hiyo ilikuwa na abiria karibu milioni 5 kwa mwaka, ikahesabiwa miongoni mwa njia za ndege zenye watu wengi kabisa duniani. Treni mpya ilianza mwezi wa Februari 2008. Kilomita 621 kwa saa 2 na dakika 38. Miaka michache baadaye zaidi ya nusu ya abiria walikuwa wamehamia relini. Treni hizo huitwa AVE, jina lililofupishwa kutoka maneno yenye maana ya mwendo wa kasi wa Kihispania. Lakini neno lenyewe, ave, katika lugha ile ni ndege, yule mwenye mbawa na manyoya. Sisi tulimpa mnyama huyo na chombo kirukacho jina moja, kwa hiyo ni rahisi kwetu kuonja utamu wa mzaha huo: huko Hispania ndege wa reli alimshinda ndege wa angani.

Mpaka hapa habari yetu imekuwa ya ushindi. Haifai iishie hapo, maana kumshinda mwenzio si sawa na kupata faida. Taiwan ni mfano ulio wazi. Mwaka 2007 treni ya kilomita 300 kwa saa ilianza kati ya Taipei na Kaohsiung, miji miwili mikubwa ya kisiwa kile, na safari ikawa ya saa moja na nusu hivi. Njia ya anga kati ya miji hiyo, ambayo zamani ndege ziliruka kama mabasi, ilififia mwaka hata mwaka, na mwaka 2012 ikafungwa. Ushindi ulikuwa mtimilifu. Walakini kampuni iliyoijenga reli hiyo, nayo ilikuwa kampuni ya watu binafsi, ilielemewa na madeni na riba. Mwaka 2009 serikali ilibidi ishike usukani wake, na mwaka 2015 ikabidi mtaji wake upangwe upya kwa fedha za umma. Treni ziliwaua washindani wake angani huku zenyewe zikikaribia kufa kwa mizigo ya ardhini.

Wala Japani haikuepukana na jambo hilo. Njia ya Tokyo na Osaka ilirudisha gharama zake na kuzidi. Lakini Shirika la Reli la Taifa, lililoanza kupata hasara mwaka ule ule wa 1964, liliendelea kubeba njia za mashambani zisizolipa, mishahara, na njia mpya za kasi zilizotakwa na wanasiasa kwa ajili ya majimbo yao. Lilipovunjwa na kugawanywa mwaka 1987, madeni na dhamana zake zilizidi yeni trilioni 37, na sehemu kubwa ya mzigo huo iliangukia umma.

Hiyo ndiyo tofauti ya asili kati ya vyombo hivi viwili. Anga haijengwi. Mwenye ndege hulipa kiwanja cha kuondokea na kiwanja cha kutua. Kilichopo katikati amepewa na Mungu. Akiona njia hailipi, huipeleka ndege yake mji mwingine kesho yake. Mwenye reli hulipa kila hatua ya njia, na akikosea mahali pa kuijenga hawezi kuikunja kama mkeka akaitandike kwingine. Kwa hiyo ndege yaweza kuwa biashara ya mfanya biashara. Reli ya kasi, kwa kawaida, ni ahadi ya taifa. Faida yake hupatikana kwa miaka 50, na deni lake huanza kudaiwa mwaka wa kwanza. Nchi yenye miji mikubwa iliyo karibu karibu, yenye mamilioni ya watu wa kujaza mabehewa kila siku, yaweza kuitimiza ahadi hiyo. Isiyo na hayo yaweza kujenga treni nzuri ipite tupu.

Mipaka ya ushindi wa reli inaonekana pia katika ramani. Kutoka Tokyo hadi Fukuoka ni mwendo wa karibu saa 5 kwa treni, na huko ndege ndiyo inayotawala. Tena Fukuoka ina jambo linalotia nguvu hoja yangu: kiwanja chake cha ndege kiko karibu sana na mji, vituo viwili tu kwa treni ya chini ya ardhi kutoka stesheni kuu. Huko ndege imeipokonya reli silaha yake. Nchini China, ambako hadi mwisho wa mwaka 2024 zilikuwa zimejengwa kilomita 48,000 za reli za kasi, ndege kati ya Zhengzhou na Xi'an zilikoma mwaka 2010, muda mfupi baada ya treni kuanza. Lakini kati ya Beijing na Shanghai, kilomita 1,318, treni iliyoanza mwaka 2011 haikuzifukuza ndege. Vyombo vyote viwili hujaa.

Mahali pengine maadui wamekuwa majirani. Mwaka 1994 stesheni ya treni za kasi ilifunguliwa ndani ya kiwanja cha Charles de Gaulle karibu na Paris. Huko Ujerumani, baada ya njia ya kasi ya Köln na Frankfurt kufunguliwa mwaka 2002, kampuni ya Lufthansa iliacha kuruka kati ya miji hiyo mwaka 2007, ikawa inauza tikiti za treni kwa abiria wake waendao mbali. Kampuni hiyo ilielewa kwamba safari fupi huichosha ndege bila ya kuishibisha: mafuta mengi huungua wakati wa kupaa, na chombo hukaa sana chini kuliko juu.

Siku hizi imeongezeka hoja ya hali ya hewa ya dunia, na serikali zimeanza kuingia katika mashindano haya kwa sheria. Mwaka 2021 Ufaransa ilipitisha sheria ya kukataza safari za ndege za ndani pale ambapo treni yaweza kumfikisha abiria kwa muda usiozidi saa 2 na nusu. Nayo ilianza kutumika kwa amri ya mwezi wa Mei 2023. Baraza la raia lililotoa shauri hilo lilikuwa limetaka saa 4. Sheria ilipunguzwa mpaka ikagusa njia tatu tu, kutoka kiwanja cha Orly kwenda Lyon, Nantes na Bordeaux, na njia hizo Air France ilikwisha kuziacha mwaka 2020, kwa sharti la msaada wa fedha iliopewa na serikali. Watu wengine waliicheka sheria hiyo kwamba inamfunga maiti. Mimi naona inatufundisha jambo: sheria haiwezi kutangulia reli. Bunge laweza kukataza ndege pale tu ambapo vizazi vilivyopita vilikwisha kulipia ardhi. Lililoamuliwa mwaka 2023 liliwezekana kwa sababu ya yale yaliyoanza kujengwa miaka ya 1970.

Mambo haya si hadithi ya mbali kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki. Shirika la Reli la Afrika ya Mashariki na shirika la ndege la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946, yalikuwa watoto wa nyumba moja. Yote mawili yalikuwa mali ya pamoja ya nchi zetu, na yote mawili yalisambaratika nyumba hiyo ilipovunjika mwaka 1977. Sasa reli zimejengwa upya, kila nchi kwa njia yake. Treni ya Mombasa na Nairobi ilianza mwaka 2017 kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa, na safari ni ya saa 5 hivi. Haistahili kuitwa treni ya kasi kwa kipimo cha Japani. Tena stesheni yake ya Nairobi iko Syokimau, upande ule ule wa kiwanja cha ndege, na ya Mombasa iko Miritini, nje ya kisiwa. Mtu aliyekwisha kufika Syokimau amekaribia kufika kwenye ndege. Kwa hiyo treni hiyo haikushindana na ndege kwa muda. Ilishindana na basi kwa nauli, iliyoanza kwa shilingi 700 na kufika 1,500 mwaka 2024. Huo ni ushindani halali na wenye manufaa kwa wengi, lakini ni ushindani mwingine, na mkopo mkubwa wa China ulioijenga njia hiyo hauna budi kupimwa kwa mizani hiyo.

Tanzania imekaribia zaidi mpaka wa saa 3. Treni yake ya umeme, yenye mwendo wa kilomita 160 kwa saa, ilianza kwenda Dodoma mwezi wa Julai 2024, na ile isiyosimama njiani huchukua saa 3 na nusu hivi. Stesheni ya Dar es Salaam iko katikati ya mji, jirani na ile ya zamani iliyojengwa na Wajerumani. Dodoma nayo ilikuwa na kiwanja cha ndege kilicho karibu kuwa ndani ya mji, neema iliyofanana na ile ya Fukuoka. Lakini Serikali iliamua kujenga kiwanja kikubwa zaidi Msalato, nje ya mji. Uamuzi huo una sababu zake, maana kiwanja cha mjini hakina nafasi ya kukua. Hata hivyo kila kilomita ambayo kiwanja kinasogezwa mbali na mji ni kilomita ambayo treni imepewa bure. Waliopanga reli na waliopanga kiwanja wakikaa meza moja, taifa laweza kuamua kwa makusudi chombo kipi kifanye kazi ipi. Wasipokaa pamoja, litalipa gharama za vyote viwili na kuviacha vigombane kwa fedha ya umma.

Historia hii inatukataza makosa mawili. La kwanza ni kudhani kwamba kila kilichozaliwa baadaye hukizika kilichozaliwa kabla. La pili, ambalo ni la wakati wetu, ni kudhani kwamba treni ya kasi ni pambo ambalo kila nchi inayojiheshimu lazima ilivae. Wajapani hawakuanza kwa kuuliza treni iende mbio kiasi gani. Waliuliza ni watu wangapi wanataka kutoka hapa kwenda pale, nao waliwahesabu. Kisha wakauliza ni nani atakayelipa, wakaulizana mpaka watu wawili walioijenga wakakosa vyeo. Nchi yoyote inayoyajibu maswali hayo mawili kwa kweli, kabla ya jiwe la msingi kuwekwa, itajua kama safari yake ni ya reli au ya anga. Ile isiyoyauliza itajibiwa na wadai wake.